Dumu la Seremala

Wagonjwa walimwita Mama Madumu, naye alishachoka kukasirika. Kibao cha mlangoni kwake kilisema yeye ni mratibu wa utafiti wa maradhi ya figo, lakini kibao kinajua nini? Kazi yenyewe ilikuwa kuwabembeleza watu wazima, wenye mvi na wajukuu, wakojoe ndani ya dumu moja mchana kutwa na usiku kucha, wasimwage hata tone, kisha walilete. Mkojo wote wa siku ndio unaoonyesha figo zinajiwezaje. Ukipungua au ukizidi, vipimo vinasema uongo. Aliyaeleza hayo mpaka koo likamkauka. Wakaitikia ndiyo daktari, ingawa hakuwa daktari, wakaenda kwao wakafanya walivyojua. Mmoja alirudisha dumu limesuguliwa safi, linanukia sabuni, akidhani ameazimwa tu. Hata mama yake mzazi humuuliza, kwa upole wake wote, kama masomo yote yale yalikuwa ya kukusanya mikojo.

Lakini aliyemmaliza ni seremala.

Seremala huyu alikuwa mzee mtaratibu, miguu imemvimba, ukiibonyeza kidole shimo linabaki. Mara mbili alileta dumu lenye mkojo wa kulowesha kitako tu. Na kanuni ya utafiti ilikuwa wazi: likiharibika la tatu, mshiriki anatolewa. Akitolewa, kwaheri dawa, kwaheri vipimo, kwaheri daktari wa figo wa kila mwezi. Arudi kwenye foleni ya nje, ambako mtu huchoka kabla hajaliona dirisha. Mama Madumu hakutaka yafike huko. Alimpigia simu kumkumbusha mpaka mke wa seremala akaizoea sauti yake kuliko ya dada yake wa kuzaliwa.

Siku ya dumu la tatu wakaja wote wawili, mume na mke, wamejipamba kama wageni wa harusi. Dumu limejaa mpaka shingoni. Seremala akaliweka mezani taratibu, akarudi nyuma hatua kidogo kulitazama, kama anavyotazama kabati alilokwisha kulipiga vanishi.

Mama Madumu akalitazama dumu, akaitazama miguu. Maji ya mtu yakiwa yamelala miguuni namna ile, dumu linajazwa na nini? Akauliza mkojo ni wa nani. Seremala akasema ni wake. Mkewe yeye alikuwa ameinua macho kwenye feni ya darini, na feni yenyewe ilikufa zamani.

"Mama, hebu niambie wewe."

"Mwingi ni wake, mwanangu." Akashusha macho kutoka kwenye feni. "Huo mdogo ndio wangu."

"Mdogo kiasi gani?"

"Nusu. Kwani mume na mke si mwili mmoja?"

Mama Madumu akavua miwani, akayafinya macho. Kumbe mzee alikuwa anaona haya kubeba dumu karakanani mbele ya mafundi wenzake, akawa anajisaidia nyuma ya rundo la mbao kama miaka yote. Mkojo wa nyumbani tu ndio uliokuwa ukiingia dumuni. Mke naye, kwa kuogopa mumewe asifukuzwe, akamchangia.

"Mzee wangu, mficha maradhi, kilio humfichua."

"Sikuficha maradhi, mwanangu. Nilificha dumu."

Angecheka, kama si hasira. Akaumwaga mkojo ule chooni, akapanda ngazi kwa daktari, akaeleza yote bila kupamba. Daktari akasema dumu lisilofika maabara halihesabiwi, ila safari hii mzee akusanye humu humu hospitalini, mbele ya macho yao, na iwe mwisho.

Kesho yake seremala akaja na mfuko wa vifaa, maana kukaa bure nako kwake ni ugonjwa. Mlango wa stoo ulikuwa unakwaruza sakafu; hakuuliza mtu, akaung'oa. Mama Madumu akashinda akipiga simu huku randa inakwangua sikioni mwake. Lakini kila haja ilipombana, mzee aliweka randa chini, akashika dumu lake, akapita nalo kwenye korido kichwa juu. Pale kila mtu alikuwa na lake.

Majibu yakaja. Mkojo wa kweli ulikuwa mchache, na figo zilikuwa zimechoka kuliko walivyodhani wote. Daktari akambadilishia dawa siku hiyo hiyo, na jina lake likabaki kwenye utafiti. Mama Madumu akawakalisha, akawafafanulia polepole, neno kwa neno. Mke akasikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi.

"Si unaona, mwanangu? Ule wangu ulikuwa mzuri, ukaumwaga."

Mama Madumu akachukua dumu jipya la mwezi unaofuata, akampita yule mama aliyekwisha kunyoosha mkono, akamkabidhi mzee mwenyewe.