Wimbo wa Shati

Mwezi uliopita nilikuwa harusini Mbinga mjini. Ukapigwa wimbo mmoja wa zamani, ukumbi mzima ukainuka kucheza. Mimi nilibaki kwenye kiti. Wimbo ule, ndugu yangu, nilianza kuujua kabla haujawa wa kucheza.

Bibi aliuimba akitwanga muhogo mkavu, nyumbani kwake ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nilikokuwa nikipelekwa kila likizo. Uani kulinuka dagaa waliokuwa wakikauka kwenye vichanja. Babu alikuwa amezama na mtumbwi wake, hata mwili haukuonekana, na bibi alikuwa akiliambia ziwa kwa Kinyasa: nirudishie hata shati lake, nipate cha kuzika. Sisi watoto tulikatazwa kuupigia makofi.

Mjomba, mwanawe wa pekee wa kiume, alijifunza kinanda kanisani, kile cha kukanyaga kwa miguu. Mwalimu wa kwaya alimsifu kwamba akisikia wimbo mara moja, umeshakuwa wake. Akaenda Dar es Salaam. Waimbaji wakubwa wakawa wanamwita studio awapigie, ila kwenye kaseti zao hakutajwa. Kaseti hizo zikifika kijijini, bibi alisogea karibu na redio ya jirani, akingoja waimbaji wanyamaze ili amsikie mwanawe.

Ikaja miaka ya ruksa, kila mtu akijaribu bahati yake, na mjomba naye akatoa kaseti yake mwenyewe. Ililetwa na vijana walioshuka kutoka milimani baada ya kuuza kahawa, wakiwa na redio zao mpya. Picha yake ilikuwa juu, amekumbatia kinanda, na chini imeandikwa kwamba nyimbo zote ametunga yeye. Tukajaa uani. Kinanda kilipoanza tuliutambua wimbo, na bibi akatabasamu. Kisha maneno yakaingia, kwa Kiswahili: mpenzi umeniacha, basi nirudishie shati langu. Vijana wakacheka, wakacheza. Bibi akainuka taratibu, akaingia ndani.

Krismasi mjomba alikuja na vitenge vipya. Akamwamkia mama yake, akapiga magoti kabisa. Bibi aliitikia, kisha akamwuliza kwa nini aliwaambia watu kwamba wimbo ameutunga yeye.

"Mama, nimewapigia wenzangu miaka yote bila kutajwa," alisema. "Hii ni zamu yangu."

"Na baba yako umemweka wapi?"

Kesho yake asubuhi mjomba aliondoka, na vitenge vikabaki kitandani bila kukunjuliwa.

Toka hapo bibi alitwanga kimya. Majirani walidhani amezeeka, sisi tulijua sababu. Alifariki bila kuuimba tena, na mama yangu, niliyemtegemea aukumbuke, anakumbuka nusu tu. Ninapojaribu mwenyewe, nikiwa peke yangu jikoni, maneno ya Kinyasa yananitoroka. Kinachonijia ni yale ya mpenzi, na mguu wangu unaanza kucheza.