Machicha Mlangoni kwa Mzee Lou

Yukha alikuwa na kinyongo na baba yake mzazi, wala hakukificha. Katika kichochoro chao cha mjini Foshan, Mzee Lou ndiye aliyechemsha dawa ya kushusha homa, chungu ya kukunja uso, na siri yake alimpa mwanawe wa kiume, Kamfai, peke yake. Binti hafundishwi, ataolewa aipeleke kwa watu. Yukha alichochea moto wa duka la baba yake ujana wake wote, lakini ukifika wakati wa kutia dawa alifukuzwa nje kama kuku. Machicha ya dawa yalichomwa jikoni yasionwe na mtu.

Ila mama yao alipougua homa, mzee alifuata mila: machicha ya mgonjwa humwagwa njiani, wapita njia wayakanyage, ugonjwa uondoke nao. Alipogeuka tu, Yukha akachuchumaa na kuyazoa kwenye aproni. Jiwe jeupe, majani ya mwanzi, mizizi, maua ya manjano. Alipoolewa, akajaribu mpaka akapata utaratibu wa kuvichemsha, akafungua duka mkabala na la baba. Hakutafuta utajiri. Alitaka wateja wamhame mzee huku mwenyewe anaona. Wakamhama, na mzee akabaki kutangaza kwamba binti yake anauza maji ya kabichi.

Mwaka huu homa ikamwangusha mzee mwenyewe. Kamfai, mvivu wa kutupwa, alikuwa akiwakorogea wateja unga wa pakiti tu, na mafundisho ya baba yalishamtoka kichwani. Ikabidi avuke njia, kichwa chini, kumwomba dada yake. Yukha akachemsha, akapeleka bakuli mwenyewe, akalishika mbali na midomo ya mzee.

"Baba, dawa hii ya nani?"

"Ya ukoo wa Lou."

"Na mimi wa nani?"

Mzee alitetemeka kwa homa, lakini kiburi kilikuwa kizima. "Wewe ni wa watu."

Yukha akamnywesha yote. Mzee akifa, yeye atamkomoa nani?

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Yukha akaja na machicha mpaka mlangoni kwa baba yake, saa ya watu kwenda sokoni, akayamwaga.

"Jamani, njooni myakanyage, mzee wetu apone. Lakini kwanza inameni muangalie. Jiwe hili linatangulia motoni, maua yanaingia mwisho."

Watu wakachuchumaa, wengine wakipiga picha kwa simu zao. Kamfai akakimbilia ufagio, amechelewa. Duka la Yukha nalo lingekufa, alilijua hilo, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Mzee akatokeza dirishani, analia kwamba amemmaliza.

"Umesema mwenyewe, Baba," akamjibu. "Mimi ni wa watu. Nimewapa watu wangu."