Nambeba Kitandani, Anigeuka Jukwaani

Jamani, kuna watu hawana haya hapa Dodoma!

Yona wa Mtera alikosa chumba hosteli. Mimi na roho yangu nzuri nikambeba, yaani tunalala wawili kitanda changu kimoja, miguu yake usoni kwangu.

Leo kampeni za uongozi wa hosteli. Nimemwaga sera, watu wanashangilia. (Mnanijua!)

Mara Yona naye kapanda jukwaani. Anagombea dhidi yangu!

"Nikishinda, wanaobebwa wote watatoka humu!"

Tena kavaa shati langu!

Nikadaka maiki: "Mdogo wangu, sera nzuri. Tunaanza na wewe leo."

Sasa hivi anagonga mlango.

"Kaka, ile ilikuwa siasa tu."

Nifungue, au kwanza apitishe shati dirishani?