Viatu vya Kaka Vimechukuliwa na Maji Venisi

Jamani, nawaandikia nikiwa nimevaa ndara zenye maua, za mama mmoja wa Kiitaliano.

Nimefika Venisi leo mchana. Gari hakuna hata moja, njia zao ni mifereji. Nimepanda na kushuka madaraja, sanduku begani.

Kufika nyumba ya wageni nikafanya kama kwetu. Nikavua viatu, nikavipanga vizuri nje ya mlango, nikaingia kulala.

Kuamka alasiri, maji yamejaa mpaka kizingitini! Kiatu kimoja sikukiona kabisa. Cha pili kilikuwa kinapita chini ya daraja, taratibu, kama mtalii.

Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, kwani kwenu hakuna bahari?"

Kiitaliano cha hotelini Diani ninacho. Nilimwelewa neno kwa neno. Mimi, mzaliwa wa Bodo, pwani kabisa, ninayejua maji ya bamvua yanavyojaa tangu sijaota meno!

Mwenzenu nimechoka.

Tena viatu vyenyewe si vyangu. Niliviazima kwa kaka Hamisi, na ndivyo vya harusi yake, mwezi ujao.

Nifanyeje? Nishaurini.

Na ikiwa kaka naye amekaa hapo mnapoisoma barua hii: shikamoo, kaka.