Mifuko Minene ya Kwenda Italia

Siku hizi cheti cha mfuko wa kuoza, ule unaogeuka mboji, nakisoma mwenyewe, na nikimaliza naitamani sauti ya mdogo wangu. Zamani yeye ndiye aliyenisomea kwa simu, kutoka Italia, mimi nimekaa kwenye stuli mbele ya duka langu mtaani Dengfeng, huku kwa Wachina. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita ili yeye asiache.

Kule Italia vimifuko vyepesi vya kutilia matunda dukani lazima viwe vya kuoza, tena vyenye cheti. Mdogo wangu alikuwa amepata maduka matatu ya mboga yaliyokubali kujaribu mzigo wake wa kwanza wa vimifuko hivyo. Ungekataliwa, biashara ingekufa kabla haijaanza.

Nilikwenda kiwandani kumnunulia, na ujuzi wangu wa Dar: mfuko mzuri ni mnene. Nilibishana na laoban, mwenye kiwanda, hadi akaongeza unene kwa bei ileile. Mzigo ulipotoka nikampigia mdogo wangu kwa mbwembwe.

"Huu hauchaniki hata ukitia nazi kumi!"

"Nani ananunua nazi kumi huku, Kaka? Una unene gani?"

Nikamtajia. Nikasikia karatasi zikifunuliwa.

"Cheti kina kikomo cha unene. Ukizidi hapo, hakuna aliyethibitisha kwamba utaoza. Kaka, umetununulia mfuko mzuri usio na cheti."

Maboksi yalikuwa yameshafika ghalani kwenye bandari ya Nansha yakingoja meli, na kila mfuko umechapwa alama ya kuoza. Laoban alicheka nilipomweleza.

"Nani atapima, rafiki? Alama si ipo?"

"Bu yao," nikamwambia. Sitaki. Alama ile ingekuwa uongo, na wa kuulizwa bandarini kule Italia angekuwa mdogo wangu, si mimi. Nikaenda Nansha kuuzuia mzigo.

Kutengeneza mifuko mingine, myembamba, kulichukua wiki kadhaa. Maduka mawili hayakungoja. La tatu, la mama mmoja muuza machungwa, lilingoja. Wiki hizo, kila jioni, mdogo wangu alinisomea na kunitafsiria cheti kizima: unene, wino, gundi. Nami nilirudia kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikikosea ananitania, "Nyoosha mkono!" Sijawahi kufurahia shule kama ile.

Mzigo ulipofika alinitumia picha: machungwa manne ndani ya mfuko mwembamba, hadi vitundu vya maganda vinaonekana.

"Mfuko huu unatia aibu," nikamwambia.

"Umepita ukaguzi, Kaka," akajibu, na nikamsikia akivuta kamasi. "Umepita."