Mizani Inayopanda Mlima

Chuma kinagusa chuma gizani, mara moja tu, kisha kimya.

Ni saa kumi alfajiri, siku ya Ijumaa, katika chumba cha kupanga mjini Baraka. Angeline Nibizi anaitoa mizani kwenye msumari wa ukutani. Ameishika ndoano kwa kiganja ili isilie tena, lakini amechelewa. Kitandani, chini ya kitenge, binti yake Tania, mwenye miaka minane, ameshaamka.

"Mama, unapanda?"

"Ninapanda. Lala."

"Musiache mutu."

"Hatutaacha mutu. Lala, mutoto yangu."

Tania husema hivyo kila safari. Hasemi kwaheri wala haombi aletewe biskuti. Ni hayo maneno mawili tu, na mama yake asipoyajibu, mtoto anakaa kitandani macho kodo mpaka kunapambazuka.

Angeline, mwenye miaka thelathini na mitatu, ni mbeba mizigo. Ukanda ukiwa kwenye paji la uso na mzigo mgongoni, hubeba chakula, maji na mablanketi ya watu wanaopanda mlima ulio juu ya mji wa Fizi. Wengi ni wanakwaya na vikundi vya sala wanaokwenda kuomba kileleni. Kwa siku anapata franka elfu ishirini na chakula.

Mizani anayoiweka mfukoni alfajiri hii ni ile ya kuning'inia, ya wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Kioo chake kimepasuka. Alipewa na jirani yake Pulchérie, ambaye alinunua nyingine.

"Mizigo yetu yote inanuka ndagala," anacheka Angeline. "Wateja banauliza, hii harufu inatoka wapi? Ninabaambia, hiyo ni harufu ya usalama."

Kicheko hicho hakikuwepo miaka miwili iliyopita.

Angeline alitoka Burundi mwaka 2015. Tania alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Lusenda, na alipokuwa na miaka minne mama yake alihamia Baraka kutafuta kazi. Kundi la kwanza kumchukua lilikuwa na fulana nzuri zenye rangi moja na mkubwa mwenye maneno matamu. Mizigo haikupimwa. Mkubwa aliinyanyua kwa mkono mmoja na kusema, "Hii nyepesi." Wa Angeline, alikuja kujua baadaye, ulikuwa na kilo thelathini na nne.

Siku ya tatu, wakishuka kwenye mvua, mguu wake uliteleza na kifundo kikajikunja. Mkubwa alikuja haraka. Alichukua mzigo, akampa mwingine aubebe, akamwambia Angeline, "Utatukuta chini."

Hakuwakuta. Alilala usiku mbili chini ya mwamba, akinywa maji ya mvua kwa kiganja. Kisha bamama waliokuwa wakitoka shambani na mihogo walimsikia akiita, wakamshusha.

Nyumbani kwa Pulchérie, Tania, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa amekataa kula. "Nilimupikia hata samaki kubwa," anakumbuka Pulchérie. "Alikuwa anauliza swali moja tu: kama mama amebaki juu, nani iko naye?"

Kwa miezi mitano Angeline aliuza mahindi ya kuchemsha. Kifundo kilipopona alianza tena kutafuta kundi, ila safari hii hakusubiri kuulizwa. Alimfuata Déogratias, muongozi wa kikundi kidogo kinachojiita Twende Turudi, akamkuta akishona kiatu mlangoni kwake.

"Nilikuwa nimezoea mutu anakuja kuomba kazi," anasimulia Déogratias. "Huyu mama alikuja kuniuliza mitihani! Mizigo munapima na nini? Mutu akigonjwa munafanya nini? Ile siku ya kulipa ni siku gani? Nikamwambia, dada, wewe ndiye patron ama ni mimi?"

Walikuwa wakipima kwa macho, kama wengine. Angeline akaleta mizani ya ndagala. Wakakubaliana kilo kumi na nane kwa mtu, si zaidi.

Baadaye Angeline aliongeza jambo ambalo makundi mengine hayalifanyi. Alikuwa ameona kwamba mteja akichoka njiani, kile kifuko chake kidogo hupungua kimyakimya. Leo chupa, kesho koti, keshokutwa viatu vya pili, na vyote huhamia kwenye gunia la mbebaji wakati wa kupumzika. Hivyo mizani ikaanza kupanda nao. Mizigo hupimwa mara mbili: asubuhi chini, na saa sita kwenye chemchemi iliyo katikati ya njia.

Wiki tatu kabla ya Ijumaa hii, mwalimu Wilfried, kiongozi wa kwaya ya parokia moja ya Baraka, alikuwa na kazi ya kuchagua watu wa kuwapandisha wanakwaya wake kumi na mmoja. Alikwenda kwa makundi matatu.

"La kwanza lilikuwa la bei ya chini," anasema. "Nikazunguka nyuma kusalimia babebaji. Bako na kandambili. Nikauliza, mutalipwa lini? Bakaangaliana. Nikasema aksanti, nikaenda."

Kundi la pili aliliuliza ni siku gani walishindwa kufika, likamwapia kwamba kileleni watafika hata mvua inyeshe mawe. Wilfried, ambaye amefundisha darasa la sita kwa miaka kumi na tano, anasema mtoto anayejibu haraka hivyo ni yule ambaye hajasoma swali.

Kwa Déogratias aliuliza hilo hilo: ni siku gani mlishindwa kufika? Déogratias aliingia ndani, akatoka na kaye, daftari la shule. Ndani mlikuwa na safari nne zilizorudi nusu njia, kila moja na tarehe na sababu: mto umejaa, mtoto wa mteja ana homa, ukungu, na mara moja watu waliotoka upande wa Kilembwe na mizigo yao waliposema barabara si shwari.

"Nikamwita na yule mama pembeni," anasema Wilfried. "Nikamuuliza, wewe mwenyewe ukianguka huko, banakufanya nini? Akaniangalia kwa macho hivi. Akasema, batanishusha. Usiku ule nikalala vizuri."

Basi Ijumaa hii gari linaondoka Baraka saa kumi na moja, na saa moja asubuhi wote wako juu ya Fizi, mahali njia ya miguu inapoanza. Déogratias anauliza kwanza bamama wanaoshuka na makaa kama huko juu kuko vizuri. Kuko vizuri. Mizani inaning'inizwa kwenye mti unaoshikwa na watu wawili. Gunia la Angeline: kumi na nane kamili.

Wanapanda polepole, mwenye mwendo mdogo akiwa mbele. Huyo ni Mama Rosette, mwenye miaka hamsini na minane, sauti ya juu ya kwaya. Amesubiri safari hii mwaka mzima. Anatembea bila kusema, na wenzake wanadhani anasali.

Saa sita wanafika chemchemi. Watu wanakaa, wanavua viatu, wanagawana mihogo. Baada ya nusu saa Déogratias anatoa mizani.

Gunia la Angeline: ishirini na tatu.

"Dada, umeokota mawe?" anatania Déogratias.

"Labda nimeokota bwana," anajibu Angeline, na kwaya nzima inaangua kicheko.

Gunia linafunguliwa. Inatoka Biblia, kitabu cha nyimbo, sweta, mfuko wa karanga, viatu, na mwisho chupa kubwa ya maji, imejaa mpaka shingoni. Vyote vya Mama Rosette.

"Eh, Mama Rosette!" anasema Wilfried. "Unahamia juu? Ungetuambia, tungeleta na kitanda!"

Wanacheka tena. Angeline anaiangalia ile chupa. Wateja wamemtwisha mengi katika kazi hii, lakini hajaona mtu anayepanda katika jua kali na kutoa maji yake mwenyewe bila kunywa hata tone.

Anakwenda, anachuchumaa mbele ya mama yule. Midomo imekauka. Mkono wa kulia umebana ubavu chini ya kitenge, na pumzi inakuja kwa vipande vipande.

"Mama, tangu lini?"

"Nyamaza, mutoto yangu."

"Tangu lini?"

"Jumatano." Mama Rosette anafumba macho. "Inachoma hapa nikivuta pumzi. Hata kubeba chupa sikuweza tena. Ukisema, batanirudisha. Niache nifike, nitapumzika juu."

Angeline anasema baadaye kwamba aliona huruma. Alijua maana ya kusubiri kitu mwaka mzima. Alijua pia maana ya baridi ya usiku kule juu.

Akasimama, akamwita Déogratias.

Kuna waliolalamika. Mwanakwaya mmoja alisema kilele kiko mwendo wa saa nne tu mbele, kwa nini wasimwache mgonjwa hapo na watu wawili, wampitie Jumapili wakishuka? Tayari wengine walikuwa wameanza kufunga viatu.

"Muongozi iko mumoja," alisema Déogratias. "Kundi haikatwe. Tunashuka bote."

"Na kilele?"

"Kilele hakihame."

Kisha Wilfried akavua koti, akauliza miti ya kutengeneza kipoyi, machela ya kumbebea mgonjwa, iko wapi. Wakafunga miti miwili kwa vitenge na kamba, wakamlaza Mama Rosette. Babebaji ndio wanaojua kukanyaga pale, hivyo wao wakambeba kwa zamu, na wanakwaya wakabeba mizigo.

Mwalimu Wilfried alishuka na masufuria mawili kichwani. Kila alipojikwaa yaligongana, na Mama Rosette, akiwa amelala kwenye kipoyi, alisikika akisema, "Mwalimu, hiyo si wimbo yetu."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kutania siku hiyo. Mtu akaanzisha wimbo wenyewe, na hata yule aliyelalamika akaimba. Angeline hakuimba, alikuwa akihesabu watu wote, wanakwaya na babebaji, kila kona. Kumi na tisa. Kumi na tisa. Saa kumi na moja jioni, Fizi, kumi na tisa.

Hospitalini daktari alisikiliza kifua na kusema pafu moja limeshambuliwa. Alimwanzishia dawa palepale. Akamwambia Wilfried kwamba usiku mmoja wa baridi kule juu ungeweza kuwa wa mwisho. Wilfried alitoka nje, akaketi kwenye ngazi na masufuria yake.

Jumamosi kabla ya adhuhuri Angeline anashuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba, siku nzima kabla ya siku aliyoahidi. Tania yuko uani kwa Pulchérie, anaosha sahani na binti za jirani. Anaacha sahani, anakuja, anamkumbatia mama yake kiunoni na kuzika uso kwenye kitenge chenye vumbi.

"Mulimuacha mutu?"

"Hata mumoja."

Mtoto anamwachia, anachukua mizani mfukoni mwa mama yake na kwenda kuitundika mwenyewe, akisimama juu ya kiti.

Mchana simu inalia. Ni Wilfried. Homa imeshuka. Mama Rosette amekunywa uji vikombe viwili, ameomba Biblia yake, na amelalamika kwamba hospitali haina chumvi. Angeline anasikiliza, mkono mdomoni. Akikata simu anaketi chini, ukutani, na kuvuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu jana, anavyosema mwenyewe.

Kwaya itapanda tena mwezi wa saba, kiangazi kikikolea, na kikundi hicho hicho. Mama Rosette ametuma neno kwamba nafasi yake asipewe mtu. Déogratias naye ameandika safari ya tano kwenye kaye, na chini ya sababu ameandika "chupa ya maji".

Angeline ana mpango wake. Anataka mizani ya pili, ili mmoja abaki nayo chini na mwingine apande nayo. Anataka pia kuwakutanisha bamama wanaobebea makundi mengine, awafundishe yale maswali yake ya kuuliza kabla ya kukubali mzigo.

"Mimi niliyajua nikiwa nimelala chini ya mwamba," anasema. "Bao bayajue bakiwa nyumbani, mutoto akiwa amekaa kwa magoti yabo."

Jioni Pulchérie anarudi kutoka sokoni, beseni tupu kichwani. Anamwona Angeline mlangoni na kusimama ghafula.

"Jirani! Si ulisema Jumapili? Kumetokea nini? Mulifika juu?"

Angeline anafungua mdomo kujibu. Lakini Tania, akiwa amepanda tena juu ya kiti ndani ya nyumba, anamtangulia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Bote balirudi."