Mtoro Niliyemwandika Mimi

Siku yangu ya kwanza kazini Doha nilipewa kompyuta ya zamani, kiti kinachoyumba, na onyo. Ofisi ilikuwa Najma, katikati ya kinyozi na duka la mapazia. Ilikuwa ofisi ya taipu, mahali ambapo watu huandikiwa maombi yao ya serikali kwa Kiarabu. Kiarabu nilikisoma Mambrui nikiwa mtoto, na taipu nikajifunza Malindi. Mwenye ofisi alikuwa Msudani mpole tuliyemwita Ustadh. Alisimama nyuma ya kiti changu akasema, "Ya Rehema, hapa hatuandiki tunachofikiri sisi. Tunaandika anachosema mteja, kisha sahihi anatia yeye." Nikaona kazi yenyewe rahisi. Kosa akilisema mteja, ni kosa la mteja. Niliishi na wazo hilo kwa miaka mingi, na lilinipa usingizi mzuri sana.

Ninyi vijana mliokuja kazi huku mmenikalisha kitako mara nyingi mkiniuliza swali moja: mtu wetu akikamatwa, jina lake tulitafute wapi? Mnadhani kuna daftari ukutani, au tovuti ya kubonyeza. Hakuna. Habari za aliyekamatwa hazianikwi kwa kila mpita njia. Anazipata mwenyewe, au wakili wake, au ubalozi wake, au mtu aliyepewa hati ya wakala, yaani karatasi aliyoitia sahihi mwenye jina akisema huyu asimame badala yangu. Siku hizi mambo yako mwenyewe unaweza kuyaangalia kwa simu, kama una kizuizi cha safari au shauri lililofunguliwa. Yako, nasema. Ya jirani yako hayakuhusu, hata kama mnalala kitanda cha juu na cha chini.

Sikuyajua haya kwa kusoma. Nilifundishwa na mlinzi mmoja aitwaye Wekesa, na ada ya masomo ilikuwa karibu ailipe yeye.

Kutoka Najma nilihamia Al Rayyan, kwenye kampuni ya walinzi. Cheo changu kilikuwa karani wa mambo ya serikali, chini ya Mandubu. Mandubu ni yule mtu wa kampuni anayezunguka na mafaili kwenye ofisi za serikali, anayejua dirisha gani linafunguliwa saa ngapi na nani ana hasira leo. Juu yetu alikuwa Meneja wa Wafanyakazi, mtu nadhifu ambaye hakupenda kusikia neno "labda".

Mlinzi akikosa zamu tatu mfululizo bila habari, Meneja alituma jina kwangu, nami nikaandika balaghi, yaani taarifa rasmi kwamba mfanyakazi ametoroka. Nilikuwa na kiolezo changu, mistari minne tu. Mstari wa tatu ulisema: "Ameondoka na vitu vyake vyote makazini." Nilibadilisha jina na namba ya kitambulisho, mengine nikayaacha yalivyo. Dakika tano, kazi imekwisha. Nilijisifia wepesi huo.

Jumatatu moja jina la Wekesa lilifika mezani. Nikaliandika. Mandubu akalipeleka.

Jumanne asubuhi ikapigwa simu kutoka Bungoma. Alikuwa mkewe, Nasimiyu.

"Madam, namtafuta mume wangu, Wekesa. Tangu Ijumaa simu yake haishiki."

Nilimjibu kwa sauti ya ofisi, ile ninayoionea haya hadi leo. "Mama, mumeo ametoroka kazini. Tumeshaandika taarifa."

Aliuliza taratibu, "Madam, wewe umeingia chumbani kwake ukaona?"

Nilimwambia nitampigia, nikachukua mkoba wangu, nikavuka hadi makazi ya walinzi nyuma ya ofisi. Aliyenifungulia mlango alikuwa Otieno, aliyelala chumba kimoja na Wekesa.

"Mama Rehema, huyo msee hajahepa," alisema kabla sijauliza. "Cheki mwenyewe."

Buti za kazi zilikuwa chini ya kitanda, zimeng'arishwa. Sare mbili zilining'inia kwenye msumari. Sanduku lilikuwepo, mkebe wa majani chai aliyotumiwa na mkewe ulikuwepo, hata miwani ya kusomea. Kilichokosekana ni suti na Biblia.

"Alienda kanisa Mesaimeer Ijumaa, si huku ibada ni Ijumaa," Otieno akasema. "Mashemasi wanasema aliokota simu pale kwa stage ya basi. Akasema ataitangaza baada ya ibada. Mwenye simu akaitrace mpaka gate ya kanisa, akakuja na polisi. Si unajua vile inakaa, msee ako na simu ya mtu kwa mfuko."

"Mbona hamkusema?"

"Tungemwambia nani, Mama? Tulijua ofisi inajua."

Nikakaa kwenye kile kitanda. Mtu alikuwa mikononi mwa polisi tangu Ijumaa, na Jumatatu mimi nimeiandikia serikali kwamba amekimbia na vitu vyake vyote. Vitu vyenyewe nilikuwa nimevikalia.

Nilirudi kwa Meneja nikamweleza. Alinisikiliza akipanga kalamu zake. "Nani amekuambia? Mtu wa chumbani? Mimi sifuti taarifa kwa maneno ya chumbani. Niletee karatasi ya polisi yenye tarehe ya kukamatwa. Bila hiyo, kwangu huyo ni mtoro."

"Na ikithibitika?"

"Nitafuta siku hiyohiyo. Lakini ulete karatasi."

Mandubu alinishauri niachane nalo. Alinieleza hatari yake pia, kwa sababu alikuwa mtu mkweli. Hata mwenye simu akisamehe na shauri la simu likafungwa, taarifa ya utoro itabaki. Wekesa hatatoka mlangoni kurudi kazini. Atapelekwa kizuizini kungojea ndege ya kurudishwa kwao, na kurudi huku tena itakuwa ndoto. Nilimwambia mimi siachani nalo hata kidogo. Nilikuwa na haya, na haya ikikaa tumboni bila kazi inageuka ugonjwa.

Kesho yake nilisimama kwenye kaunta ya kituo cha polisi cha upande wa Mesaimeer nikiwa na namba ya kitambulisho cha Wekesa. Luteni wa zamu alikuwa kijana mwenye adabu.

"Unamhusu nini?" aliniuliza.

"Natoka kwa mwajiri wake."

Aliandika namba, akatazama kioo cha kompyuta yake, kisha akanitazama mimi. "Mwajiri wake amesema ametoroka. Sasa mbona mwajiri anamtafuta kwangu?"

Nikaomba tarehe tu, siku na saa ya kukamatwa. Akatikisa kichwa. "Ukhti, kesho akija jirani yako kuniuliza habari zako, ungependa nimpe? Mwenye habari ni yeye. Aandike kwamba amekuruhusu, nami nitakupa kile alichokuruhusu, si zaidi."

Akapokea fomu ya wakala niliyoichapa vizuri kwa jina la kampuni, akaipeleka ndani. Ilirudi haina sahihi. Wekesa amekataa.

Mwanzoni nilikasirika. Nikasema huyu mtu namhangaikia naye ananikataa! Nilifika kituo cha basi ndipo akili ikanirudia. Yuko ndani, ameshaambiwa kampuni yake imemshtaki kwa utoro, halafu kampuni hiyohiyo inamletea karatasi ya Kiarabu atie sahihi. Hata mimi nisingetia.

Basi nikarudi ofisini nikaandika barua kwa mkono, kwa Kiswahili. Ilinichukua muda kuliko maombi yote niliyowahi kuchapa. Nilimwandikia: "Kaka Wekesa, mimi ni Rehema wa ofisini. Niliyeandika kwamba umetoroka na vitu vyako ni mimi. Sikuja chumbani kuangalia. Buti zako niliziona jana. Mkeo yuko salama, ndiye aliyenizindua. Nataka kufuta nilichoandika, nami siwezi bila tarehe ya kukamatwa kwako. Ukikataa, ni haki yako, na kosa litabaki langu." Fomu ya wakala nikaibadilisha. Badala ya kampuni nikaweka jina langu mwenyewe.

Alhamisi Luteni aliniuliza tena, "Unamhusu nini?"

"Mimi ndiye niliyeandika kwamba ametoroka," nikamwambia. "Niliandika uongo bila kujua, na sasa najua."

Alimwita askari mwenzake awe shahidi, wakaniuliza barua inasemaje, nikawatafsiria kwa Kiarabu mstari kwa mstari. Ikapelekwa ndani. Nilingoja hadi adhana ya adhuhuri, nikaswali kwenye chumba cha wanawake, nikarudi kwenye benchi. Fomu ikaja. Wekesa ametia sahihi, na chini yake ameongeza mstari mmoja wa Kiingereza: tarehe na saa peke yake, mengine hapana.

Luteni alinipa nilichoruhusiwa. Karatasi moja, mhuri mmoja, Ijumaa na saa.

Meneja aliigeuza mbele na nyuma. "Mbona haisemi alikamatwa kwa nini?"

"Uliniomba tarehe."

"Nataka kujua kosa lake. Ni mlinzi wangu huyu."

"Hilo sina, na ningekuwa nalo nisingekupa. Mwenyewe amekataa. Ulisema ukipata tarehe utafuta siku hiyohiyo. Leo ndiyo siku hiyohiyo."

Watu wote wa ofisini waliacha kuandika. Nilikuwa nimeshajiandaa kufukuzwa. Hata kikombe changu nilikuwa nimekitia mkobani. Meneja akachukua kalamu, akatia sahihi ya kuifuta taarifa. Mandubu akaondoka na karatasi kabla wino haujakauka.

Jumapili mwenye simu alitia sahihi ya kusamehe, baada ya kumwona Wekesa mbele ya mwendesha mashtaka na kumsikiliza. Hapakuwa na taarifa nyingine ya kumzuia, akatoka. Nilimpigia Nasimiyu mimi mwenyewe, nikamwomba radhi kwa ile sauti yangu ya Jumanne. Alilia, akacheka, akaniuliza kama mumewe amekonda.

Nilifanya kazi pale miaka kumi na miwili zaidi, kisha mitano kwa wakili mmoja kama mfasiri. Kiolezo changu nilikifuta. Sikuandika tena balaghi ya utoro kabla ya kwenda chumbani, kumpigia mtu wa nyumbani, na kuuliza wenzake. Mameneja watatu walinilaumu kwamba ni mzito wa kazi. Niliwaacha walaumu. Wanne kati ya wale niliowatafuta hivyo walikuwa hospitali, mmoja alikuwa mikononi mwa polisi kama Wekesa, na waliokimbia kweli nao walikuwepo, sitawadanganya.

Ndiyo sababu nawasihi: andikeni namba ya kitambulisho cha mnayelala naye chumba kimoja, na jina lake kamili la pasipoti, na simu ya mtu wake. Msijue tu jina la utani, kwamba anaitwa Pastor.

Mwezi uliopita nilistaafu. Kabla ya kufunga mizigo nilikwenda kuomba hati ya tabia njema. Askari wa dirishani akataja jina lililo kwenye ombi na kuniuliza, "Unamhusu nini?" Nikamwambia ni mimi mwenyewe. Akanipa karatasi inayosema sina kosa lolote katika nchi hii. Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Mistari yangu minne haimo.

Walinzi waliniandalia chakula cha kuniaga Al Rayyan. Wekesa alikuja, sasa ni msimamizi, mvi zimeanza kando ya masikio. Sikuwahi kumuuliza kama alinisamehe, naye hakuwahi kusema. Tulipokuwa tukinywa chai alitoa pochi, akanionyesha karatasi iliyokunjwa hadi mikunjo ikatoboka. Ilikuwa barua yangu.

"Nikupe uende nayo, Mama Rehema?"

Nilitazama mwandiko wangu. Nikamwambia hapana, hiyo ni yake, aitunze.